Herufi 'L' Si Ugonjwa

Majibu ya picha kamili ya damu yakitoka, mgonjwa hasomi namba. Anatafuta herufi iliyochapwa pembeni: H kwa kilichozidi, L kwa kilichopungua. Akiiona tu, anaanza kuumwa.

Wapo wanaoitibu herufi hiyo: damu pungufu, vidonge vya madini chuma, seli nyeupe nyingi, sindano ya antibayotiki. Wengine huifukuza kwa kipimo juu ya kipimo hadi mfuko utoboke. Naona wote wameruka swali la kwanza: namba hii imelinganishwa na ya nani?

Kiwango cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 walio katikati. Kwa hiyo katika kila wazima 20, mmoja huangukia nje bila tatizo lolote. Tena wazima hao, mara nyingi, walikuwa wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya watu wazima wenye afya kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Ukiwaweka kando ya viwango vya Marekani, neutrofili zao zilikuwa chini na eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, zilikuwa juu.

Neutrofili ni seli nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye seli zao nyekundu, na kukosa huko huwakinga na malaria ya vivax, jambo lililobainishwa mwaka 1976. Watu hao pia huwa na neutrofili chache katika damu inayozunguka, na hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Lakini mgonjwa wa saratani mwenye L ya kurithi anaweza kuahirishiwa dozi yake kwa kosa la rula.

Je, tushushe viwango vyote basi? Hapana, na hapa natofautiana na wanaodai kila kilicho cha kawaida kwetu ni salama. Eosinofili nyingi mara nyingi ni minyoo au kichocho. Kuenea kwa hali hiyo mtaani hakuifanyi kuwa afya. Upungufu wa damu nao ni hivyo hivyo. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kuwa upungufu, na upungufu una chanzo: safura, hedhi nzito, malaria, sikoseli, lishe. Juisi ya rozela inayonywewa ili kuongeza damu, tamu kama ilivyo, haimtoi mnyoo utumboni. Na mwanamume mtu mzima aliyepungukiwa madini chuma asirudishwe nyumbani na vidonge peke yake. Atafutwe anavujia wapi, kwani uvimbe wa utumbo mpana huvujisha damu kimyakimya.

Msako mzuri huanza na vitu visivyo na bei kubwa. Rudia sampuli: damu iliyokaa muda mrefu kabla ya kupimwa inaweza kuonyesha potasiamu kubwa isiyokuwamo mwilini. Uliza dawa anazomeza, maji anayooga, siku zake zikoje. Halafu dai karatasi ya mwaka jana, maana L iliyokuwepo miaka mitano bila kusogea si sawa na L ya wiki hii.

Maabara nazo zituambie viwango vyao vimetoka kwa watu gani. Nawe msomaji, usifungie maandazi majibu yako ya zamani.