Kabla ya kuongeza farasi kwenye moteri, tutoe maji kwenye mihogo



Kwenye mikutano ya mwisho wa mavuno neno moja linarudi kila mara: "Motokari yetu haina nguvu. Tuwape mafundi franga, waongeze shevo." Tunaelewa linatoka wapi. Barabara ni mbaya, mlima ni mkali, na siku hizi hakuna mutu anapenda usiku umukute njiani. Hata hivyo, sisi maagronomu tunasema wazi: pesa ya koperative isiingie kwenye kazi hiyo. Sababu ni hizi.

Shevo moja, yaani nguvu ya farasi mmoja, ni kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Tuchukue njia ya Kasenyi. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya bahari, Bunia karibu mita 1,275. Tofauti ni kama mita 650. Motokari ndogo na mzigo wake, tuseme ni kilo 2,200. Moteri ikiweka shevo 20 kwenye kazi ya kupanda, itainua uzito huo kwa dakika 16 hivi. Ikiweka 30, ni dakika 11 hivi. Kumbe shevo 10 za ziada zinatupatia dakika 5 tu, kwenye safari ambayo mawe na matope vinakula masaa!

Tena tuulize: hizo shevo zinakaa wapi? Nguvu kubwa inayoandikwa kwenye karatasi ya motokari ndogo ya esansi inapatikana moteri ikizunguka haraka sana, mara 5,000 au 6,000 kwa dakika. Nani anafika huko akiwa kwenye vitesi ya kwanza, kati ya mashimo, na magunia nyuma? Kwenye barabara zetu tunahitaji nguvu ya kuvuta polepole. Kazi nyingi za kuongeza shevo zinaongeza huko juu tusikofika.

Ni kweli pia kwamba hewa ya huku kwetu ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo moteri ya shevo 100 hapa Bunia inatoa 87 au 88 hivi, na kwenye milima ya Djugu inashuka zaidi. Huo si ugonjwa, na fundi hawezi kuuponya kwa bisibisi.

Na dawa zinazotolewa zina bei yake. Wengine wanatoa filtri ya hewa ili moteri "ipumue". Vumbi jekundu linaingia na kusugua silinda kama msasa. Wengine wanafungua skrubu ya pompe ili mazuti iingie mingi. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ni mazuti isiyoungua, yaani franga zetu zinazopanda hewani, na joto lake linapasua kichwa cha moteri. Wengine wanakata kichwa hicho ili kukaza mgandamizo. Moteri ya namna hiyo inaomba esansi safi na nzuri, kumbe sisi mara nyingi tunanunua kwa makadafi, kwenye chupa na bidoni. Na mutu akiongeza nguvu ya kupanda, freni za kushuka zinabaki zilezile. Kwenye mteremko wa kwenda ziwani, hilo si jambo la kuchekea.

Basi tufanye nini? Hapa tunarudi kwenye kazi yetu, shambani. Mihogo mibichi, karibu sehemu mbili kwa tatu ni maji, na bado kuna maganda. Kilo 1,000 za mihogo, ikishamenywa, kulowekwa na kukaushwa vizuri, inabaki kati ya kilo 250 na 350 za kosete. Mahindi yanayotoka shambani na unyevu wa asilimia 25, ukiyakausha mpaka 13, kilo 1,000 inakuwa karibu 860. Zile 140 zilikuwa maji. Tunalipa mazuti, mipira na shofere ili kubeba maji!

Tunajua jibu la wengine: "Mahindi mabichi yana uzito, uzito ndio franga." Lakini mnunuzi wa Bunia si mujinga. Anauma punje moja kwa jino, anajua, anakata bei. Na gunia la unyevu likikaa siku kadhaa kwenye motokari iliyokwama linaota ukungu, na ukungu unaleta aflatoksini, sumu inayoharibu maini ya batu na ya nyama. Yule aliyefikiri anauza maji atapoteza gunia zima.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu wa kila koperative ukubali mambo matatu. Kwanza, pesa iliyofikiriwa kwa ajili ya shevo inunue mabâche na kujenga meza za kukaushia. Pili, motokari ipate daftari lake: vidanje kwa wakati, filtri mpya, upepo wa mipira, freni, na mazuti iliyochujwa na kuachwa ikae kabla ya kumiminwa. Moteri nyingi zinazoitwa dhaifu ni chafu tu, na matunzo hayo yanarudisha shevo zilizokuwa zake tangu mwanzo. Tatu, tukubali kikomo cha mzigo, na mwenye kuongeza gunia juu yake alipe faini, hata akiwa prezida wa koperative.

Na kama mzigo ni mkavu, motokari inatunzwa, na bado haiwezi? Hapo tukodi au tununue motokari kubwa iliyotengenezwa na freni, springi na shasi za uzito huo. Hilo tutaliunga mkono. Lakini tuanze na mabâche, ju jua la Ituri linapunguza mzigo bila kutuomba hata tone la mazuti.