LIKIZO BILA MSHAHARA
Mwaka 1993 Marekani ilitunga Sheria ya Likizo ya Familia na Matibabu. Humo mfanyakazi alipewa majuma 12 kwa mwaka ya kujiuguza, kuuguza jamaa wa karibu au kulea mtoto mchanga, pasipo kufukuzwa kazi. Twaisifu. Lakini mshahara sheria hiyo haikuuamuru. Tena yataka saa 1,250 za kazi katika miezi 12 iliyotangulia. Mhadhiri wa kibarua, alipwaye kwa kila somo, aweza kuzikosa. Mfagiaji wa chuo kikuu aliyezitimiza, naye ataendaje likizo ikiwa nyumbani hapana akiba? Haki asiyoweza kuitumia maskini ni haki nusu. Vyama vya wafanyakazi vyuoni na vishikilie dai moja: likizo pamoja na mshahara.