Bia ya Ukungu Ihukumiwe kwa Ulimi, Si kwa Sifa

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo ilizaliwa chini ya minazi ya pwani ya Afrika Mashariki, lakini siku hizi inawafaa sana watu wa mbali, yaani wanywaji wa bia wa Marekani. Huko, kuanzia jimbo la Vermont na majimbo jirani ya New England, imetokea bia iliyosifiwa kiasi cha watu wengi kusahau kuionja. Huitwa IPA ya kifalme yenye ukungu. Ukungu unaotajwa hapa si ule wa mkate uliolala, bali ni utusitusi wa kinywaji ambacho mwanga haukipenyi. Ina rangi ya maji ya embe, kileo chake ni kikali, na bei yake hupita kwa mbali ile ya bia ya kawaida.

Wapo watakaouliza kama jambo hili lastahili wino wa gazeti. Lastahili. Kitu chochote kinachouzwa kwa fedha iliyotolewa jasho hakina budi kupimwa kwa haki, ama sivyo mnunuzi huibiwa huku akitabasamu, na fundi mwaminifu hupoteza soko kwa yule ajuaye kupiga zumari tu.

JINA NA ASILI YAKE

India Pale Ale, ambayo kwa kifupi huitwa IPA, ni jina lililotokana na bia za Kiingereza zenye rangi hafifu na hopsi nyingi, zilizosafirishwa kwa merikebu kwenda India katika karne ya 18 na ya 19. Hopsi ni maua ya mmea utambaao. Huipa bia uchungu na harufu, na huisaidia isichachuke upesi. Neno la ufalme nalo lilitokana na bia nyeusi kali zilizotoka London kwenda katika makao ya wafalme wa Urusi. Wamarekani waliliokota neno hilo wakalivua taji, likabaki na maana moja tu: kali zaidi. Anayesifiwa kuwa wa kwanza kupika IPA ya namna hiyo kwa ajili ya soko ni Vinnie Cilurzo, katika kiwanda cha Blind Pig huko Temecula, California, mwaka 1994.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani nzima, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa na viwanda vya bia visivyotimia 100, na vingi vilipika bia za ladha moja. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu wananchi kupika bia majumbani mwao bila kulipa kodi. Wengi wa waliojifunzia jikoni ndio waliokuja kufungua viwanda vidogo, na leo idadi ya viwanda nchini humo imepita 9,000.

Miongoni mwao walikuwa John na Jen Kimmich, mume na mke waliofungua baa yenye mtambo wake wa bia mjini Waterbury, Vermont, mwaka 2003, wakaiita The Alchemist. Mwaka uliofuata walipika Heady Topper, bia yenye kileo cha asilimia 8 ambayo haikuchujwa. Agosti 2011 mafuriko ya dhoruba iliyoitwa Irene yaliiharibu baa hiyo, lakini kiwanda chao kipya cha kutia bia katika makopo kilikuwa mahali pengine, nacho kikaanza kazi siku chache baadaye. Sifa zikaenea. Mwaka 2013 ilibidi duka la kiwanda hicho lifungwe kwa sababu magari ya wateja yaliwakera majirani. Ndipo kila mpishi wa bia, wa karibu na wa mbali, alipotaka naye awe na ukungu wake.

UKUNGU WENYE SABABU NA UKUNGU WA PAZIA

Katika bia iliyopikwa vizuri ukungu una sababu zake. Mpishi huongeza oti na ngano juu ya kimea cha shayiri, na nafaka hizo huleta protini. Hopsi nazo huleta chembechembe zinazoshikamana na protini hizo, zikaelea badala ya kuzama. Tofauti kubwa iko katika saa ya kutia hopsi. Zikichemshwa kwa muda mrefu hutoa uchungu, lakini harufu yake hupaa na mvuke. Mpishi wa bia ya ukungu huweka kidogo tu mwanzoni, kisha hutia nyingi wakati moto umezimwa, na nyingine tena bia inapochacha au ikiwa imekwisha kupoa. Hamira huyageuza baadhi ya mafuta ya hopsi yakatoa harufu mpya. Maji yenye kloridi nyingi kuliko salfeti huifanya bia kuwa laini mdomoni. Kwa aina za hopsi kama Citra na Mosaic, matokeo ni harufu ya embe bivu, pasheni, chenza na nanasi, ingawa hakuna tunda lolote lililotiwa.

Waamuzi wa zamani waliikosea haki bia hiyo. Kwao IPA ilipaswa kung'aa, na iliyokosa kung'aa ilikatwa alama. Makosa hayo yalisahihishwa mwaka 2018, pale Brewers Association, chama cha wapishi wa bia wa Marekani, kilipoziandikia bia za ukungu madaraja yake yenyewe katika kanuni zake, likiwamo daraja la zile za kifalme. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani si haki kumhukumu mwenda kwa miguu kwa kanuni za mbio za farasi.

Lakini dhuluma moja ilipoondoka, nyingine ilibisha hodi. Kile kilichokuwa kasoro kikageuka kuwa sifa, na kile kilichokuwa dalili kikafanywa kuwa lengo. Wapo wapishi waliofikia kutia unga wa ngano ili ukungu uonekane. Wapo waliouza bia ambayo hamira yake haikupewa nafasi ya kutulia, wakamwambia mnunuzi kwamba utusitusi huo ndio ustadi wenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msomaji anayejua mbege ya Wachagga au busaa ya Kenya hatashangazwa na pombe isiyopenywa na mwanga. Lakini je, ni nani aliyewahi kuisifu mbege kwa uzito wa utusitusi wake kabla hajaionja?

MBELE YA MWAMUZI

Dawa ya udanganyifu huo ipo, nayo ni kuonja kwa utaratibu. Beer Judge Certification Program, chama cha waamuzi wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985, hutoa alama 50 kwa kila bia. Harufu hupewa 12, sura 3, ladha 20, uzito na ulaini wa mdomoni 5, na 10 zilizobaki ni za maoni ya jumla. Hesabu hiyo yatosha kuwa hotuba. Ukungu, ambao ndio unaopigiwa mbiu sokoni, ni sehemu tu ya zile alama 3 za sura, tena hugawana alama hizo na rangi na povu. Harufu na ladha pekee ni 32.

Basi mwonjaji wa haki huanza kwa kuitazama tarehe iliyopigwa katika kopo, kwa maana bia hii haisubiri. Huimimina katika bilauri safi, ikiwa baridi lakini si ya barafu, kwani baridi kali huufunga ulimi. Kopo la Heady Topper limeandikwa maagizo kwamba bia inywewe humo humo, kwa hoja kwamba kuimimina huzipoteza harufu zilizohifadhiwa kwa taabu. Kwa mnywaji anayejiburudisha hoja hiyo haina ubaya. Kwa mwamuzi haikubaliki. Tundu la kopo haliingizi pua, na anayeficha sura ya kitu hawezi kudai kihukumiwe chote.

Rangi iwe ya majani makavu au ya dhahabu inayoelekea chungwa. Ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu au hudhurungi, hewa imekwisha kuingia, na pua itathibitisha: badala ya matunda itakuta asali iliyochoka au karatasi nzito iliyolowa maji. Harufu ya siagi ni dalili kwamba hopsi zilizotiwa mwishoni ziliamsha uchachukaji upya, na bia ikafungashwa kabla hamira haijamaliza kazi. Harufu ya kitunguu hutokana na aina fulani za hopsi au wakati zilipochumwa. Harufu inayochoma kama spiriti ni dalili ya uchachukaji uliokwenda kwa joto la kupita kiasi.

Ndipo ulimi upewe zamu. Utamu wa kimea uwepo, lakini usigande kama sharubati. Uchungu uwe mpole, ila uwepo, kwani pasipo uchungu kinywaji hicho si IPA tena bali ni maji ya matunda yaliyolewa. Baada ya kumeza, koo lisikwaruzwe. Mkwaruzo huo, ambao wapishi wengine huutetea kuwa ni alama ya ukarimu wa hopsi, ni mabaki ya majani na vumbi la hopsi ambayo hayakuachwa yatulie. Ni kasoro, na iitwe kasoro.

Juu ya ukarimu huo sayansi nayo imesema. Mwaka 2018 Scott Lafontaine na Thomas Shellhammer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walichapisha utafiti wao kuhusu hopsi za aina ya Cascade zinazotiwa katika bia iliyopoa. Walikuta kwamba kupita gramu 8 hivi kwa lita harufu haiongezeki kwa kiasi kinacholingana na hopsi zilizoongezwa, bali hugeuka na kuelekea kwenye majani na chai. Kwa hiyo mpishi anayejigamba kwamba amemimina magunia juu ya magunia huenda anajigamba kwa hasara, na hasara hiyo huiingiza katika bei.

NGUVU SI UTUKUFU

Liko jambo la mwisho ambalo alama 50 hazilipimi. Kopo la mililita 473 la bia yenye asilimia 8 lina takriban gramu 30 za kileo halisi. Kwa hesabu ya Marekani, ambako gramu 14 ni kinywaji kimoja cha kawaida, kopo hilo moja ni zaidi ya vinywaji viwili. Utamu wa embe na ulaini wa oti huuficha ukali huo, na mnywaji hudhani anakunywa kidogo kumbe anakunywa maradufu. Januari 2023 Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba hakuna kiwango cha unywaji wa pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mwamuzi stadi huonja mafunda machache, huandika, na huendelea na bia nyingine. Anayemaliza makopo manne kisha akatoa hukumu hajaihukumu bia. Bia ndiyo iliyomhukumu yeye. Na kileo kinapofichwa vizuri, huo ni ustadi wa mpishi, lakini ni lazima uandikwe kwa herufi zinazosomeka.

Watetezi wa bia ya ukungu husema kwamba ladha ni ya mtu binafsi, na kwamba kumwekea mnywaji vipimo ni kumnyima furaha yake. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Hakuna anayeweza kumwamuru mtu apende nini. Lakini kupenda ni jambo moja na ubora ni jingine. Mtu anaweza kupenda nyimbo za mwanawe anayeimba nje ya sauti, wala asidai apewe tuzo.

Tena wakati huu si wa mzaha kwa viwanda hivyo. Anchor ya San Francisco, iliyookolewa na Fritz Maytag mwaka 1965 na ambayo bia yake ya Liberty ya mwaka 1975 iliwafungulia wengine njia ya hopsi za Kimarekani, ilisimamisha kazi mwaka 2023. Mwaka 2024 viwanda vidogo vilivyofungwa nchini humo vilizidi vilivyofunguliwa. Soko linapokuwa finyu, sifa za uongo humla fundi kabla ya kumla mlaghai, kwa sababu fundi hutumia fedha katika kazi na mlaghai huzitumia katika mbiu.

Ukungu basi usidharauliwe kama zamani, wala usiabudiwe kama sasa. Ubaki pale ulipowekwa na kanuni, ndani ya alama 3 za sura, na zile 47 zitafutwe na pua na ulimi. Mpishi aliyefaulu asifiwe kwa kazi aliyoifanya, na aliyeficha uvivu nyuma ya utusitusi aambiwe hivyo waziwazi. Mgema anayesifiwa kwa haki hana sababu ya kutia maji. Anayesifiwa kabla tembo halijaonjwa amekwisha kupewa ruhusa.