Dawa Isiyongoja Forodha

Miongoni mwa dawa ambazo binadamu amejaaliwa kuzivumbua, hakuna zenye haraka kuliko dawa za mionzi. Kwani teknesiamu, ambayo tabibu huidunga karibu na saratani ya titi ili imfichulie tezi ya limfu iliyo ya kwanza kupokea maradhi, hupoteza nusu ya nguvu zake kila saa 6, na iodini-131, anywayo mgonjwa wa saratani ya thairoidi baada ya kupasuliwa ili iyasake mabaki yaliyojificha, hupungua nusu kila siku 8.

Molibdeni, mzazi wa teknesiamu, hutengenezwa katika matanuri machache ya nyuklia duniani, likiwamo la Pelindaba, Afrika Kusini, nayo nusu yake hutoweka kwa saa 66. Basi shehena ikilala ghalani uwanja wa ndege tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu adhuhuri, hospitali hupokea nusu ya dawa kwa bei kamili.

Rai yangu kwa serikali zetu ni kwamba hati zikaguliwe kabla ndege haijatua, na afisa wa zamu awepo usiku na mchana. Ukaguzi wa usalama ni faradhi, lakini ajizi si ukaguzi.