Gego la miaka 6 lisipitwe

Mwandishi, maelezo yako kuhusu meno yatawafaa wanaojiandaa na mitihani. Ila gego la kwanza la kudumu umelipitia mbio mno. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala halichukui nafasi ya jino lililong'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utotoni. Likitoboka, wanasema litaota jingine. Halioti! Mwanafunzi aliyekariri "20 ya utotoni, 32 ya ukubwani" atapata alama zake, lakini mbele ya mama mwenye mtoto atababaika.

Halafu kuna enameli, tabaka gumu la nje la jino. Seli zinazoitengeneza hupotea jino linapochomoza, kwa hiyo haijiungi kama mfupa. Asidi ya bakteria ikishusha pH chini ya 5.5 hivi, madini yake huanza kuyeyuka. Mate na floridi huweza kuyarudisha kabla tundu halijafunguka. Floridi nayo ikizidi utotoni, kama kwenye maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha, meno huota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Wakufunzi, tungeni maswali kuhusu mambo kama haya.