MJI USIGEUKE BANGO

Mwaka 2010 filamu fupi ya katuni kutoka Ufaransa, iitwayo Logorama, ilitunukiwa tuzo ya Oscar huko Marekani. Kwa muda wa dakika 16 mtazamaji huoneshwa mji wa Los Angeles uliojengwa kwa nembo za biashara, zaidi ya 2,500. Majumba ni nembo, magari ni nembo, hata ndege warukao ni nembo. Polisi ni wale vibonge wa matairi ya Michelin, na jambazi wanayemkimbiza ni Ronald McDonald, mchekeshaji aliyebuniwa kuwavuta watoto mikahawani. Mwisho ardhi hutetemeka, mafuta hububujika, na mji huangamia.

Ni kichekesho, lakini kina mazingatio kwetu. Katika mji ule hapana kiumbe asiyekuwa tangazo.

Sisi wa Unguja tuna ada nyingine. Darajani ilipewa jina na watu, kwa sababu ya daraja lililovuka hori baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori limekwishafukiwa, jina limebaki. Mwanamke anunuapo kanga huchagua maandishi yake, na akijifunga husema neno alilolitaka mwenyewe. Fulana ya bure ya kampuni humgeuza mvaaji kuwa bango lisilolipwa ujira.

Hatusemi kwamba biashara ni adui. Darajani ni soko, na soko haliendi bila ya kunadi. Lakini muuza samaki hunadi kilichopo mezani, na mnunuzi hufunua matamvua akahakikisha. Bango hunadi tamaa, nayo haina matamvua ya kufunuliwa. Ndipo kijana akakopa kununua simu mpya, ilhali aliyonayo ingali nzima.

Kwa hiyo tunatoa rai mbili. Kwanza, viongozi wanaotoa vibali vya mabango wasihesabu ada peke yake. Wapime pia kinachofunikwa, hasa karibu na skuli, na katika Mji Mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pili, wanafunzi wafundishwe kulisoma tangazo: nani anasema, anauza nini, na lipi amelificha. Logorama yenyewe haifai kwa watoto, kwa matusi na mauaji yaliyomo. Basi vijana wetu wachora katuni wapewe nyenzo watengeneze ya kwetu, kwa Kiswahili, yenye Darajani ndani yake.

Mji huu uliitwa kwa ndimi za wenyewe. Ni wajibu wetu kuwarithisha watoto mji wanaoweza kuuita wao.