Aliyefungua Mlango Yuko Nje

Katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, lipo jumba la mashujaa wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao mtu huukumbatia kifuani akakimbia nao. Lilifunguliwa mwaka 1963, na kila anayeingizwa humo huchongewa sanamu ya kichwa chake. Kenny Washington hana sanamu humo. Sisi tunauliza: kwa nini?

Washington alikuwa mtu mweusi wa Los Angeles, mkimbiza mpira hodari wa Chuo Kikuu cha UCLA. Jackie Robinson, ambaye dunia inamjua kwa besiboli, alicheza naye timu moja. Mwaka 1939 hakuna mchezaji wa chuo chochote cha Marekani aliyempita kwa jumla ya yadi za kukimbia na kutupa mpira. Lakini ligi kubwa, NFL, haikumwita. Tangu 1934 hata 1945 hakucheza humo mtu mweusi hata mmoja. Sheria haikuandikwa; wenye timu walielewana tu. Ubaguzi wa namna hiyo tunaujua sana, ndugu wasomaji: haumo katika kitabu chochote, na kila bawabu anaufahamu.

Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama Cleveland ikaja Los Angeles, ikataka kuchezea uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya watu weusi, Halley Harding akiwa mbele, waliwakabili wakubwa wa uwanja wakadai timu yenye kubagua isipewe. Rams wakamwandikisha Washington, kisha rafiki yake Woody Strode. Anayedharau magazeti madogo na akumbuke habari hii.

Alikuwa na umri wa miaka 27, na magoti yake yamekwisha kupasuliwa. Hata hivyo mwaka 1947 alipata wastani wa yadi 7.4 kila alipokimbia na mpira, na siku moja aliwatoroka Chicago Cardinals kwa yadi 92 mpaka akafunga. Mwaka 1948 akastaafu.

Wapo wasemao kwamba misimu mitatu ni michache, na yadi 859 hazitoshi. Hesabu yao ni sahihi, hatuipingi. Lakini ile misimu sita ya tangu 1940 hadi 1945 ilichukuliwa na nani? Mtu akizuiliwa langoni mwa shamba mpaka alasiri, haifai jioni kumcheka kwa udogo wa sehemu aliyolima.

Tena tazameni nani yumo. George Preston Marshall, mwenye timu ya mji mkuu wa Marekani, alikataa wachezaji weusi mpaka mwaka 1962, serikali ilipombana kwa sababu uwanja ulikuwa juu ya ardhi yake. Mwaka uliofuata Marshall akaingizwa Canton katika kundi la kwanza kabisa!

Mwaka 2022 jumba hilo lilimpa Washington na wenzake watatu tuzo ya waanzilishi. Tunashukuru, lakini tuzo si sanamu. Washington alifariki mwaka 1971, akiwa na miaka 52. Jumba la wachezaji wa vyuo lilimpokea tangu 1956, angali hai. Wapiga kura wa Canton wangali na nafasi kila mwaka ya kuwapigia kura wachezaji wa zamani. Jina lake liwekwe mezani, lipigiwe kura.